Programu Huria za Hisabati: Walimu Wagawane Nini?

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi Agosti 2022 havikuishia ghalani. Baada ya kazi ile kwisha, Serikali ya Tanzania iliamua vigawiwe kwa walimu, na kabla ya mwaka huo kumalizika ugawaji ulikuwa umekwisha anza. Kwa hiyo leo lipo jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lisingefikirika: mwalimu wa hisabati katika shule ya kata, mbali na lami na mbali na mji, aweza kuwa na kompyuta ndogo mkononi mwake. Mwingine anayo simu yenye uwezo kama huohuo. Swali lililobaki, basi, si la chombo. Ni swali la kitakachotiwa ndani yake, la nani atakitia, na la haki gani mwalimu atakuwa nayo juu ya kitu hicho kikishaingia.

Haja yenyewe haihitaji kupigiwa debe. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2021, na tena katika ule wa 2022, waliofaulu somo la hisabati walikuwa takribani mtahiniwa mmoja kwa kila watano. Waliobaki walitoka shuleni wakiwa wamefungiwa milango ya vyuo vingi vya uhandisi, ufundi na takwimu, na taifa likapoteza mafundi na wataalam ambao halitajua kamwe kwamba lingaliweza kuwa nao. Sababu za hali hiyo ni nyingi na zimekwisha elezwa mara nyingi: walimu wa hisabati ni wachache, madarasa yamejaa, vitabu havitoshi, na mwanafunzi aliyejifunza kuzidisha na kugawanya kwa Kiswahili hukabidhiwa aljebra kwa Kiingereza siku anayoingia kidato cha kwanza. Hapana programu ya kompyuta itakayoyaponya yote hayo, na mtu aahidiye kwamba itayaponya aghalabu ana bidhaa ya kuuza. Mwaka 2015 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, yaani OECD, lilichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi na kompyuta. Nchi zilizokuwa zimetumia fedha nyingi kuzipatia shule mitambo hiyo hazikuonyesha nafuu ya maana katika matokeo ya kusoma, ya hisabati wala ya sayansi. Na nyingi kati ya hizo ni nchi tajiri, ambako umeme haukatiki.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo programu ya hisabati hulifanya na chaki hailiwezi, na yafaa lielezwe kwa mfano badala ya kwa sifa.

Miongoni mwa programu zinazotumika sana mashuleni duniani ni GeoGebra. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, nchini Austria, ikiwa kazi yake ya shahada ya uzamili. Jina lake limeunganisha jometri na aljebra, na ndivyo programu yenyewe ifanyavyo: mchoro uko upande mmoja, mlinganyo upande wa pili, na kimoja kikiguswa kingine hubadilika papo hapo. Hupatikana bila malipo. Ikishapakuliwa mara moja katika simu au kishikwambi, haidai intaneti ili ichore.

Mwalimu afundishaye grafu za milinganyo ya kipeo cha pili huandika y = x² + bx + 1, kisha huifanya b kuwa namba inayoweza kuburuzwa kwa kidole kutoka −4 hadi 4. Kabla hajaigusa huliuliza darasa: b ikizidi kukua, mkunjo utaelekea wapi? Kutakuwa na watakaosema kwamba utasogea upande mmoja tu, na watakaosema kwamba utapanda. Kidole kikishaburuzwa, wote hukuta walikosea kidogo. Ncha ya chini ya mkunjo huanzia chini upande wa kulia, hupanda hadi kufikia 1 katika mhimili wa y, kisha hushuka tena upande wa kushoto. Programu ikiamriwa iache alama popote ncha hiyo ipitapo, hujitokeza mkunjo wa pili uliopinduliwa, kama upinde wa mlango. Mkunjo huo ni y = 1 − x².

Kwa chaki, kila mkunjo hudai jedwali lake la thamani, rula, na dakika zisizopungua kumi. Katika kipindi cha dakika arobaini mwalimu hodari atachora mikunjo mitatu, na katika mikunjo mitatu hakuna jicho litakalouona upinde ule. Huo ndio ubora wa pekee wa programu ya namna hii. Mchoro wa ubaoni ni mfano mmoja. Mchoro unaoburuzwa ni mifano maelfu, na mwanafunzi huanza kuona ni kipi kinachobadilika na ni kipi kisichobadilika.

Lakini hapo somo ndipo linapoanza, wala silo linapokwisha. Kwa nini ncha ifuate njia hiyo na si nyingine? Jibu halimo katika skrini. Limo katika kukamilisha mraba: x² + bx + 1 ni sawasawa na (x + b/2)² + 1 − b²/4. Mraba hauwezi kuwa mdogo kuliko sifuri, kwa hiyo ncha ya chini iko pale ambapo x = −b/2, na hapo y = 1 − b²/4. Na kwa kuwa b²/4 ndiyo x² yenyewe, basi y = 1 − x². Ni mistari mitatu ya chaki. Programu imeuliza, chaki imejibu. Na mwanafunzi aliyeliona jambo kwa macho sasa ana sababu ya kutaka kujua kukamilisha mraba ni kwa ajili ya nini, jambo ambalo wengi wamelikariri bila kuambiwa. Mpango huo ni wa lazima kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa. Katika chumba cha mtihani mwanafunzi ataruhusiwa majedwali ya hisabati na vifaa vya jometri, hataruhusiwa kishikwambi. Somo linaloishia katika skrini limemwacha njiani.

Yumkini msomaji atauliza kishikwambi kimoja chawezaje kufaa darasa la wanafunzi sitini au themanini. Hakika hakiwezi kutazamwa na wote kwa mara moja, na shule yenye mtambo wa kutupia picha ukutani ni ya bahati. Zipo njia za kujisaidia: makundi ya wanafunzi sita au saba hukizunguka kwa zamu huku wengine wakichora kwenye karatasi za grafu; au mwalimu hukitumia nyumbani, akaona mwenyewe upinde ule, kisha akaja darasani na thamani za b zilizochaguliwa vema, kila kundi likachora mkunjo wake na mikunjo yote ikabandikwa ukutani juu ya mhimili mmoja. Njia hii ya pili haina skrini hata moja darasani, lakini imezaliwa na programu. Pengine ndiyo itakayoenea zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mara nyingi watu wanenapo juu ya kugawana programu za hisabati huwa wanafikiri juu ya programu yenyewe: iwekwe katika flashi, ipelekwe shuleni, isakinishwe, picha ipigwe, wageni waondoke. Kazi hiyo ni nyepesi na haina faida ya kudumu. Mwalimu anayefungua GeoGebra kwa mara ya kwanza hukuta ukurasa mweupe wenye mihimili miwili. Ukurasa mweupe haumfundishi mtu. Kilicho adimu ni somo lililokwisha tengenezwa juu ya ukurasa huo, yaani faili lenye mchoro uliofikiriwa, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo usemao: mada hii ni ya kidato gani, uliza swali hili kabla hujaburuza, wanafunzi wengi watajibu hivi na watakosea kwa sababu hii, kisha funga kwa kuthibitisha ubaoni kwa njia hii. Mwalimu aliyekwisha lifundisha somo hilo mara tatu anaujua ukurasa huo kichwani. Jirani yake wa shule ya pili, umbali wa kilomita kumi, haujui, na mwakani ataanza upya kuutafuta.

Kuligawa faili hilo si kazi nzito. Faili la GeoGebra, kwa undani wake, ni kifurushi kilichobanwa ambacho ndani yake mna maandishi ya kawaida yanayoeleza kila nukta na kila mstari. Kwa kawaida uzito wake ni makumi ya kilobaiti, mara nyingi chini kuliko uzito wa picha moja iliyopigwa kwa simu. Hupita kwa Bluetooth kutoka kishikwambi hadi kishikwambi bila senti moja ya kifurushi cha intaneti. Masomo yote ya mwaka mzima ya vidato vyote vinne yataingia katika flashi iliyo ndogo kuliko zote zinazouzwa madukani, na nafasi ikabaki tele. Kwa hiyo umbali, gharama na udogo wa mtandao, ambavyo kwa kawaida ndivyo visingizio vya kwanza, havina uzito mkubwa katika jambo hili.

Chenye uzito ni haki. Kiswahili kina neno bure na kina neno huria, na ni vema kila afisa anayechagua programu kwa ajili ya shule ayatenge maneno hayo mawili. Programu ya bure hailipiwi leo. Programu huria humpa mtu ruhusa ya kuitumia kwa lolote, kuichunguza ilivyoundwa, kuinakili kwa ajili ya wengine, na kuibadili. Ruhusa hizo nne zilitetewa na Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, na baadaye zikatiwa katika leseni ambayo aipokeaye programu hupokea pamoja nayo. Desmos, kikokotoo cha grafu kilichoanza mwaka 2011 na kinachopendwa na walimu wengi kwa urahisi wake, ni cha bure. Lakini si huria, kwa kuwa msimbo wake haukutolewa kwa umma. Hilo si kosa la waliokitengeneza. Ni jambo la kujulikana tu kabla nchi haijajenga juu yake.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana kama ubishi wa wanasheria. Historia ya programu tatu inaonyesha kwamba sivyo.

Mwaka 1968 wataalam wa chuo cha MIT huko Marekani walianza kuunda programu kubwa ya aljebra iliyoitwa Macsyma. Ilikuwa na uwezo wa kurahisisha semi, kutafuta mipeo na kutatua milinganyo kwa herufi, si kwa namba tu. Nakala yake moja ilitunzwa tangu mwaka 1982 na William Schelter, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1998 alipata kibali cha kuitoa chini ya leseni ya GNU, ikijulikana kwa jina la Maxima. Schelter alifariki mwaka 2001. Kama programu ingalikuwa mali yake peke yake, ingalizikwa naye. Lakini ruhusa ilikuwa imekwisha tolewa kwa kila mtu, kwa hiyo watu wengine waliichukua na kuiendeleza, na Maxima yafanya kazi hadi leo, yapata nusu karne na zaidi tangu mstari wake wa kwanza kuandikwa.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Kwa miaka mingi michezo na masomo mengi ya hisabati yaliyowekwa katika intaneti yalitengenezwa kwa Flash, chombo kilichokuwa mali ya kampuni ya Adobe. Kilikuwa cha bure kwa mtazamaji, na kilikuwa kila mahali. Mwezi Julai 2017 kampuni ilitangaza kwamba itakiacha. Tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kukihudumia, na siku chache baadaye, tarehe 12 Januari 2021, ikaanza kuyazuia masomo yaliyotengenezwa kwacho yasifunguke. Masomo yaliyokuwa na wenyewe wenye fedha na mafundi yaliundwa upya kwa njia nyingine. Mengine, yaliyoundwa na walimu wa kawaida jioni baada ya kazi, yalinyamaza. Hayakuwa na kosa la hesabu hata moja.

GeoGebra yenyewe iko katikati ya mifano hiyo miwili, na kwa sababu ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa shule, hali yake yastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Msimbo wake umetolewa chini ya leseni huria. Vifurushi vya kusakinisha, hata hivyo, pamoja na tafsiri za lugha, vimewekewa sharti kwamba visitumike kwa biashara bila makubaliano. Mwezi Desemba 2021 kampuni ya Kihindi iitwayo BYJU'S ilitangaza kwamba imeinunua GeoGebra. Wakati ule BYJU'S ilihesabiwa miongoni mwa kampuni za elimu zenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Mwezi Julai 2024 mahakama ya makampuni nchini India iliingiza kampuni hiyo katika shauri la ufilisi. GeoGebra haikuzimika, walimu waliendelea kuitumia bila malipo. Lakini mtu mwenye busara hajengi mtaala wa taifa juu ya tumaini kwamba shauri la mahakamani katika nchi nyingine litakwisha vizuri. Kinachomlinda mwalimu wa Namtumbo au wa Kasulu ni mambo mawili tu: kwamba nakala aliyo nayo haimtegemei mtu awaye yote ili ifunguke, na kwamba msimbo umekwisha toka nje na hauwezi kurudishwa ndani.

Hivyo basi yafaa kila shule iwe na nakala ya programu isiyohitaji mtandao, na yafaa taasisi moja nchini ihifadhi nakala ya msimbo wenyewe pamoja na watu wawili au watatu wanaoweza kuusoma. Gharama ya jambo hilo ni ndogo kuliko gharama ya semina moja ya siku tatu hotelini.

Lakini leseni ya programu ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni leseni ya masomo. Katika jambo hili Afrika Kusini imekwisha tangulia, na kwa mafanikio. Mwaka 2002 Mark Horner, aliyekuwa akisomea fizikia mjini Cape Town, pamoja na wenzake, walianza kuandika vitabu vya sayansi na hisabati vya sekondari kwa kujitolea, kila sura ikipitiwa na watu wengi. Kazi hiyo baadaye ilikuja kuendelezwa chini ya jina la Siyavula. Mwaka 2012 wizara ya elimu ya nchi hiyo ilivichapa vitabu vya hisabati na vya sayansi vya darasa la 10 hadi la 12 na kuvigawa katika shule za serikali. Kwa kuwa waandishi walikuwa wamekwisha toa ruhusa kwa umma, serikali ililipia karatasi, wino na usafiri; haikulipia hakimiliki. Werevu wa leseni yao wapaswa kuigwa. Kitabu chenye nembo zake chaweza kunakiliwa na kila mtu lakini kisibadilishwe, ili jina la wizara lisije likakaa juu ya maneno ya mtu mwingine. Kitabu kilekile kikiondolewa nembo, kila mtu ana ruhusa ya kukikata, kukiunga na kukifasiri.

Kukifasiri ni neno lenye maana ya pekee hapa. Mwaka 2004 wataalam wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Hawakumsubiri mwenye kampuni aone kama Waswahili ni soko la kutosha. Leseni iliwaruhusu, wakafanya. Njia hiyohiyo iko wazi kwa masomo ya hisabati. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mjadala juu ya sera hiyo si wa mahali hapa. Lakini hakuna sera inayokataza ukurasa wa maelezo kuandikwa kwa lugha mbili sambamba, ili mwanafunzi aliyeacha pembetatu, kipenyo, mzingo na kipeuo cha pili katika darasa la saba avikute tena, akijua kwamba ni vitu vilevile vilivyobadili jina. Istilahi zipo, zimetumika katika vitabu vya shule za msingi kwa miaka mingi. Zinapungua zile za juu kidogo, na hizo hazitakua kama hazitumiwi na walimu wanaozihitaji.

Liko pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa heshima. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Somo zuri limemgharimu mwalimu usiku wake, mafuta ya taa au umeme wake, na akili yake. Baadhi ya walimu huuza maelezo yao kwa wanafunzi na kwa walimu wenzao, na fedha hiyo hujaza pengo ambalo mshahara umeliacha. Kumwambia mtu huyo agawe bure kwa ajili ya taifa, ilhali anayemwambia amelipwa posho ya kuja kumwambia, ni jambo la aibu. Leseni huria haimnyang'anyi jina lake. Zile za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, humlazimu kila anayeitumia kazi amtaje aliyeitunga, hata baada ya kuibadili. Lakini jina peke yake halinunui unga. Linalofaa ni kwamba somo lililopitiwa na kukubaliwa lihesabiwe katika kumpandisha mwalimu daraja, kama vile makala ya mhadhiri wa chuo kikuu inavyohesabiwa, na lilipiwe mara moja, malipo ya haki, wakati wa kukubaliwa. Taifa likishalilipia mara moja limelilipia kwa shule zake zote. Hakuna kitabu cha kiada kilichopata kununuliwa kwa bei nafuu hivyo.

Neno kupitiwa halikuwekwa kwa bahati. Faili lenye kosa husafiri kwa kasi ileile ya faili sahihi. Duara lililochorwa kwa makadirio ya macho, badala ya kwa kanuni, litaonekana zuri hadi mwanafunzi aburuze nukta na pembe katika nusuduara isome nyuzi 89. Na mwanafunzi huyo atatoka akiamini kwamba hisabati ni mambo ya karibukaribu. Kwa hiyo hapana budi pawe na watu wanaokagua. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kimewaunganisha walimu wa somo hili kwa miongo mingi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Cha kwanza kina watu, cha pili ina rafu. Haijaonekana sababu ya kuunda chombo cha tatu chenye mkurugenzi, gari na mhuri.

Si lazima kuanza na silabasi nzima. Mada tano au sita zinatosha, na ziwe zile ambazo mwendo huzifafanua: grafu za kipeo cha pili, nadharia za duara, mageuzo ya maumbo, mteremko wa mstari, sini na kosini za pembe zinazozidi nyuzi 90. Masomo hayo yagawiwe katika wilaya moja kwa muhula mmoja, kwa flashi na kwa Bluetooth, kila moja likiwa na ukurasa wake wa lugha mbili na leseni yake juu. Muhula ukiisha, walimu wasiulizwe kama waliyapenda, kwa kuwa mwalimu muungwana atasema aliyapenda. Waulizwe ni yapi waliyafungua mara ya pili, ni yapi waliyabadili, na walibadili nini.